Nilivyotia Oti Kwenye Hedho ya Dada Yangu

Jamani, leo nimepatikana. Nimepatikana mbele ya wakwe, mbele ya wazee wenye ndevu za hina, mbele ya mpiga video. Nimeoga mara mbili na bado nanukia nazi. Hapa nilipo nimejifungia chumbani na simu, maana nikitokeza pua sebuleni kuna mtu ataniuliza, "Hodan, hebu tueleze tena, uliweka nini?"

Basi nitaeleza mara moja tu, kwenu nyinyi. Mkimaliza mnyamaze.

Mnajua habari ya vitonge vyangu. (Wengine mmeshalazimishwa kuvila, samahanini.) Tangu daktari amwambie baba ana ugonjwa wa sukari, nyumba yetu nimeitia adabu. Halwa nimeiondoa. Biskuti nimezifungia kabatini. Lakini huwezi kumnyang'anya Msomali wa Isiolo kitu chake kitamu bila kumpa kingine. Atahama nyumba. Ndipo nikajifunza kwenye simu kutengeneza vitonge visivyopikwa: tende badala ya sukari, njugu zilizosagwa, oti zile za uji wa pakiti, ufuta, nazi iliyokunwa, na mafuta ya nazi ili vishikane. Unaponda, unachanganya, unaviringisha kwa viganja, unaweka kwenye friji. Hakuna jiko, hakuna moshi. Baba hupewa kimoja na chai ya rangi, na hukila bila kulalamika, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa.

Mama ndiye hakuwahi kuvikubali. Mama yangu ni mpishi wa samli na iliki na moto. Chakula ambacho hakijaona moto, kwake yeye, hakijawa chakula bado. Siku ya kwanza alipoviona kwenye sahani aliviangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "Ngamia amepita hapa?" Nilicheka na wengine. Lakini iliniuma. Mtu anaweza kuwa mtu mzima, ana kazi yake (mimi ndiye ninayepanga safari za malori ya baba, na madereva wananiogopa), na bado akatamani siku moja mama yake aonje kitu alichotengeneza aseme, "Hiki kizuri." Nadhani hamu hiyo ndiyo iliyonifumba macho leo.

Sasa, hedho. Kwa wenzangu Wameru na Waturkana ambao hamjawahi kuiona: sisi ambao babu zetu waliletwa huku na jeshi la mkoloni wakaachwa hapahapa, tumepoteza mambo mengi ya kwetu, lakini hedho hatujaiachia. Siku ya saba baada ya harusi, mama wa bibi harusi hupeleka kwa wakwe chombo cha mti chenye nyama iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa kwa samli. (Majirani zetu Waborana huiita nyirinyiri, mnaijua hiyo.) Nyama huzungushiwa ukuta mnene wa tende zilizopondwa mpaka haionekani kabisa. Juu huwekwa kifuniko kilichosukwa. Kisha chombo kizima hufunikwa shuka jeupe, hufungwa kamba kwa mafundo yaliyofichwa ncha, huvishwa nguo na shanga, kikasimama pale kama bibi harusi mwenyewe. Upande wa bwana harusi lazima wamfungue kwa upole, fundo kwa fundo, huku wakichekwa na kutozwa faini. Tende ndiyo ya mwisho. Hiyo hukatwa kwa kisu kama keki.

Na watu huangalia kila kitu. Fundo likiwa legevu, watasema binti kalelewa kilegelege. Tende ikiwa na ufa, watasema nyumba yao haina umakini. Hedho ikisifiwa, bibi harusi anaingia ile nyumba kichwa juu. Ikiharibika, ataisikia habari yake mpaka awe na wajukuu. Hedho ya leo ilikuwa ya Ifrah, mdogo wangu, aliyeolewa wiki iliyopita na Guled. Familia ya Guled iko Ngaremara, wana duka kando ya barabara kuu, na mama yake Guled ni mtu anayeweza kuona doa kwenye kikombe akiwa bado yuko getini.

Mapema wiki hii nilimwambia mama kwamba nitatengeneza vitonge nivipeleke Ngaremara, viwekwe kando ya sambusa, ili wageni wenye sukari nao wapate cha kutia mdomoni. Nikamwambia nitahitaji tende. Alikuwa anakata nyama, hakuinua kichwa. "Sawa, sawa," akasema. Mnaijua ile sawa ya mama ambayo haina maana yoyote? Ilikuwa hiyo.

Leo asubuhi nikaingia jikoni. Mama alikuwa ametoka kumchukua Eddo Khadra, dada yake baba, ambaye ndiye fundi wa mafundo katika ukoo wetu. Nikafungua friji. Mbele yangu, beseni la buluu. Ndani yake tende, zimetolewa kokwa, zimepondwa laini, zinanukia iliki.

Nilisimama pale huku mlango wa friji uko wazi (mlango ambao nawagombeza wengine kwa kuuacha wazi). Nikajiambia: mama amenipondea tende. Mama huyu wa samli na moto, katikati ya shughuli zote za hedho, amekaa akanitolea kokwa mojamoja, akatia na iliki ili vitonge vyangu vinukie. Niwaambie ukweli, machozi yalinilengalenga. Nikasema peke yangu jikoni, "Alhamdulillahi, hatimaye ameelewa mambo ya afya."

Najua mtaniuliza. Hodan, hukukumbuka kwamba hedho inahitaji tende? Nilikumbuka! Lakini juu ya kabati kulikuwa na mkebe mkubwa ambao siku zote hukaa tende. Nikaona hizo ndizo za hedho, zitapondwa baadaye. (Mkebe nilikuja kuufungua adhuhuri. Chumvi.)

Nikafanya kazi kwa moyo mmoja. Nilitia oti, njugu, ufuta, nazi, na mafuta ya nazi kwa ukarimu, kwa kuwa ni siku ya sherehe. Sikubakisha hata tende ya kulamba. Nikaviringisha vitonge vyote, nikavipanga kwenye trei, nikavisukuma kule juu kwenye barafu. Kisha nikaosha lile beseni la buluu likang'aa, nikaliweka juani, nikiona nimekuwa binti mwema.

Mama na Eddo Khadra wakaingia. Salamu, maji, viti. Eddo akamwaga kamba zake mezani. Mama akafungua friji. Akaifunga. Akaifungua tena, polepole, labda akitumaini mara ya pili itakuwa tofauti.

"Hodan. Ile tende yangu iko wapi?"

"Hooyo, nimeshamaliza kila kitu!" nikamwambia mama kwa furaha. "Asante sana, wallahi. Kula kwanza uonje."

Nikampa kitonge. Alikitia mdomoni kwa sababu ya mshtuko, si kwa hiari. Akatafuna. Nikasubiri lile neno nililolisubiri mwaka mzima.

"Ndani iko nini?"

"Oti."

"Oti ni nini?"

"Ile ya uji, hooyo. Ya pakiti."

Mama akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Khadra," akamwambia shangazi, kwa sauti ya chini kabisa. "Huyu ametia uji kwa hedho ya Ifrah."

Afadhali angenipigia kelele. Mama akipiga kelele kuna mahali pa kushika, unaweza kujitetea. Huyu alikaa tu akiangalia mikono yake, na mimi nikaona vidole vyake vilivyokuwa bado vyeusi kwa kutoa kokwa. Hapo ndipo nilipoelewa ile tende ilikuwa ya nani.

Nikachukua funguo za pikapu, nikazunguka mji mzima. Tende laini hakuna. "Laini ngoja mwezi wa Ramadhani ikaribie, dada," muuza duka akaniambia. "Hii ndio iko. Loweka mpaka kesho, itakuwa poa." Sikuwa na kesho. Nilirudi na zile ngumu. Eddo Khadra akauma moja, akaitoa, akaiweka mezani.

"Hii ni ya kufukuza mbwa," akasema.

Hapa ndipo ningenyamaza. Jamani, kama kuna kitu kimoja cha kujifunza, ni kwamba mtu aliyeharibu asiwe wa kwanza kutoa shauri. Lakini mimi nilikuwa na ile aibu inayomfanya mtu atake kurekebisha mambo haraka, kabla hayajamkalia vizuri.

"Tuvikande vitonge upya," nikasema. "Tende ni ileile tu, imeongezwa vitu. Na inashika, hooyo. Gusa. Imekuwa saruji!"

Nikatoa trei kwenye barafu. Mama akachukua kitonge, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kilikuwa kigumu kweli. Akakigonga mezani, kikalia.

"Itashika?"

"Itashika."

"Hodan, niangalie. Hii ni uso ya Ifrah. Itashika?"

"Itashika, hooyo. Niamini."

Akaniamini. Mama yangu, ambaye hajawahi kuniachia sufuria ya wali peke yangu, alisimama, akakunja mikono ya dera lake, akasema, "Lete." Kati ya yote yaliyotokea leo, hilo ndilo ninalolirudiarudia hapa kitandani.

Tukakanda, tukajenga. Na niseme tu, ilipendeza! Ukuta wa tende wenye chembe za ufuta, laini, umezunguka nyama yote. Tukatoa rafu za friji ili chombo kiingie. Kilipotoka, ukuta ulikuwa mgumu huwezi kuuchoma kwa kijiko. Hata Eddo Khadra alizunguka akiukagua. "Inakaa ya kisasa," akakubali. Kisha akafunga mafundo. Sijawahi kumwona akifunga namna ile. Alifunga, akaficha ncha, akafunga juu ya alichofunga. "Leo hawa watalala hapo hapo," akasema, akajipangusa jasho kwa fahari.

Jasho, jamani. Hata hapo sikushtuka.

Tukaondoka baada ya swala ya adhuhuri. Mimi naendesha pikapu, mama katikati, Eddo dirishani na hedho mapajani, imevaa shanga na hariri nyekundu. Sambusa nyuma. Pikapu ya baba haina kiyoyozi; ina madirisha tu, na upepo unaoingia barabara ile ya Ngaremara saa za mchana ni wa moto mpaka midomo inakauka. Tukapita mbuzi wa watu. Mama akawa anaomba dua kimyakimya. Nami, sijui kwa nini, nikaanza kuifikiria chupa yangu ya mafuta ya nazi.

Chupa ile, ikiwa kwenye friji, ni nyeupe na ngumu. Nje ya friji ni maji. Tangu niinunue sijawahi kuyaona yakiwa magumu nje ya friji, maana Isiolo hakuna baridi ya kuyagandisha. Jambo hili nimelijua siku zote. Leo, huku nimeshika usukani, ndipo lilipokuja likaniingia sawasawa.

Nikakanyaga mafuta.

"Polepole!" mama akasema. "Umebeba bibi harusi."

Nikapunguza. Nikamwangalia Eddo kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameikumbatia hedho kifuani kwa mapenzi, na joto lake lote. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo nikasema, "Leo kuna jua, eeh?"

Tukapokelewa kwa vigelegele na uvumba. Uani walikuwa wametandika zulia zito, la kigeni, rangi ya maziwa. (Maziwa! Nani hutandika zulia la rangi ya maziwa kwenye vumbi la Ngaremara? Mtu asiyeruhusu vumbi.) Juu ya zulia, kigoda. Juu ya kigoda, hedho yetu. Na juu yetu sote, turubai nyeusi iliyokuwa inakusanya joto kama imetumwa. Ifrah alikuwa ameketi kando ya mama mkwe wake, gauni la dhahabu, hina mpaka viwikoni. Aliponiona akanikonyeza. Alikuwa mzuri, na mgongo wake umenyooka, lakini namjua mdogo wangu. Alikuwa anauma shavu kwa ndani. Hufanya hivyo akiwa na hofu.

Msimamizi alikuwa Mzee Warsame, mjomba wake Guled, kanzu nyeupe na fimbo mkononi. Akatangaza sheria. Anayevuta kwa nguvu, faini. Anayetumia meno, faini. Anayesema hawezi, faini mara mbili. Vijana wa kwao wakaanza.

"Manze, hii fundo haina kichwa," mmoja akasema.

"We usivute, msee! Utaitishwa mbuzi!"

Wageni wakacheka. Eddo Khadra akaketi kama malkia. Kila kijana aliyeshindwa, yeye alitikisa kichwa kwa huruma ya uongo. Muda ukaenda. Ukaenda tena. Mimi pekee katika upande wa bibi harusi ndiye niliyekuwa nawaombea wakwe washinde.

"Jaribu ile ya kushoto!" nikapiga kelele.

Eddo akanigeukia. "Wewe uko upande gani?"

"Kuna moja chini ya shanga!" nikaendelea. Sikuwa na haya tena. "Chini! Inua!"

"Hodan!" mama akasema.

Ndipo nilipoiona. Chini kabisa ya shuka jeupe, alama. Ndogo kama sarafu. Nikapepesa macho, ikawa kama kisahani. Msichana mmoja wa kwao naye akaiona, akapiga makofi.

"Angalieni! Bibi harusi anatoka jasho!"

Ua mzima ukaangua kicheko. "Ni jua ya Ngaremara hiyo," Mzee Warsame akasema, "haijui mgeni!" Kila mtu alicheka, hata baba mkwe. Mama hakucheka. Aligeuza shingo polepole, akaniangalia, na mimi nikaangalia sambusa.

Fundo la mwisho likafunguka. Shangwe! Wakaondoa kamba. Wakaondoa hariri. Wakaondoa shuka, ambalo sasa lilikuwa limeshikamana na chombo. Mzee Warsame mwenyewe akainama, akashika kifuniko kwa mikono miwili, akakiinua juu ili watu waone.

Ukuta wa tende ulisimama. Naapa ulisimama. Nilianza hata kuvuta pumzi.

Kisha ukaketi. Haukuanguka. Uliketi taratibu, kama mama mtu mzima anayeketi chini akishikilia magoti. Upande mmoja ukateleza, wa pili ukaufuata, na katikati ikatoka nyama aliyoikaanga mama pamoja na samli yake yote, ikashuka kigodani, ikapita juu ya kiatu cha Mzee Warsame, ikaingia kwenye zulia la rangi ya maziwa. Oti moja ikaruka ikakaa kwenye kanzu yake, kifuani. Niliiona. Ilikuwa moja tu, lakini nilihisi watu wote wanaiangalia hiyo.

Mpiga video akasogea karibu.

Mama yake Guled hakuangalia zulia. Alimwangalia Ifrah. Na Ifrah, mdogo wangu mwenye mgongo ulionyooka, akainamisha kichwa.

"Ni mimi," mama akasema. Alikuwa ameshasimama. "Mnisamehe. Ni mimi nilikosea kipimo."

Mama yangu! Mtu ambaye wanawake hutoka hadi Oldonyiro kuja kumuuliza vipimo. Alisimama mbele ya wale watu wote, mkono mmoja umeshika mtandio, akatoa jina lake alilolijenga maisha yake yote, akaliweka pale chini pamoja na samli. Na ningeweza kunyamaza. Sitawaficha: kwa pumzi moja nilifurahi. Nilisikia nafuu miguuni. Halafu nikaona vile vidole vyake vyeusi kwenye ule mtandio, nikajikuta nimesimama.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilitia oti."

Mzee Warsame akageuka. "Ulitia nini?"

"Oti. Na mafuta ya nazi. Hooyo alikuwa ameponda tende vizuri kabisa, mimi nikaichukua bila kuuliza." Hapo ingetosha. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaondoka na hauna breki. "Ni chakula cha afya. Hakina sukari ya kuongeza. Kina nyuzinyuzi. Zinasaidia tumbo. Zinalainisha choo."

Choo, jamani. Mbele ya wakwe. Siku ya hedho. Kwenye video.

Kisha kutoka kwenye kiti cha nyuma, nyanya yake Guled, kikongwe ambaye hakuwa amesema lolote tangu tufike, akauliza kwa sauti safi:

"Kwani hapa nani mgonjwa?"

Yule kijana wa mafundo ndiye aliyepasuka kwanza. Halafu Guled. Halafu baba mkwe akafunika uso kwa kilemba. Halafu ua mzima, wanaume kwa wanawake, wanashikana mabega. Nami nimesimama katikati, mikono imening'inia, nikisubiri waishiwe nguvu. Mama yake Guled alivumilia. Alikaza midomo, akaangalia juu ya turubai, akaikaza tena. Kisha likamtoka, kicheko kikubwa, cha mwanamke mwingine kabisa, mpaka ikabidi amshike Ifrah mkono asianguke kitini.

Alipotulia akaomba kijiko. Akapiga magoti kando ya kigoda, akachota nyama ile iliyobaki chomboni, akala. Wote tukamtazama.

"Nyama ni tamu," akasema, akimwangalia mama. "Hii ni mkono yako, najua." Akaonja na ule ukuta ulioketi. Akatafuna kwa muda. "Na hii... watoto watakula."

Faini haijawahi kuwekwa kwa upande wa bibi harusi, lakini Mzee Warsame alitunga moja papo hapo. Nifue zulia. Leo. Nikiwa na gauni langu la sherehe. Basi nikachutama nyuma ya jikoni ya wakwe na sabuni ya kipande na brashi, mpiga video akipita kila mara kuona naendeleaje. Ifrah akatoroka akaja akachutama na mimi, hina na dhahabu zake zote, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Abaayo, mdogo wangu, usilie," nikamwambia. "Nitakufa."

"Silii. Tangu nije hii nyumba sijawahi kuona meno ya huyu mama," akasema. "Wiki nzima naogopa hata kuosha kikombe. Saa hii ameniambia nilete chai, tukae." Akaninyang'anya brashi, akasugua kidogo, akanirudishia. "Lakini choo, Hodan? Choo?"

Jua lilipopoa tukarudi. Naendesha mimi, mama katikati, Eddo dirishani na chombo kitupu. Eddo ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Wewe kwa nini ulisema ni wewe?" akamuuliza mama. "Miaka yote hiyo hedho yako haijawahi hata kutoa ufa. Ungeacha mwenye makosa ajiseme."

Mama alikuwa anajipangusa samli mkononi kwa ncha ya leso, kidole kimoja baada ya kingine.

"Ifrah ameshaolewa," akasema. "Guled anampenda. Watamcheka kidogo wataacha, hawawezi kumrudisha kwa sababu ya tende. Lakini pale uliona ni mama wangapi wamekaa na wako na vijana nyumbani?" Akamaliza kidole cha mwisho. "Huyu ndio bado hedho yake haijafungwa. Nilitaka waniangalie mimi, wasimwangalie yeye. Na yeye akasimama mwenyewe akaanza kuongea mambo ya choo."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Mimi ndiye mkubwa na mdogo wangu amenitangulia, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo, nikadhani ni kwa sababu halimsumbui mtu. Siku nzima niliogopa nimemvunjia Ifrah uso. Kumbe mama alikuwa ameshaukinga wangu kwa mikono miwili, na mimi nikamponyoka.

Nikasema tu, "Hooyo, nisamehe." Akasema, "Angalia barabara."

Basi chekeni, mimi mwenyewe nimeanza kucheka. Lakini kama unaye kaka ambaye hajaoa, mtu wa heshima na mwenye subira, mwambie kuna Hodan wa Isiolo, msomi, mchapakazi, anajua kupanga safari za malori. Ya jikoni, tafadhali, mwachie ayagundue mwenyewe.